Mwiba Mgongoni mwa Karaba

Mnatafuta filamu ya kuangalia wawili Jumamosi usiku, na mmeshachoka na zile za mapenzi ya kulia kwenye mvua? Tafuteni Kirikou et la Sorcière, yaani Kirikou na mchawi. Ndiyo, ni katuni. Ndiyo, ni ya Kifaransa. Usikunje uso kwanza! Inachukua kama saa moja na robo tu, na maongezi yatakayofuata hapo sebuleni yanaweza kuwa marefu kuliko filamu yenyewe.

Ilitoka mwaka 1998. Mtengenezaji wake, Michel Ocelot, ni Mfaransa ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Conakry, Guinea, na kisa chake kimetokana na ngano za vijijini Afrika Magharibi. Mtoto anaongea akiwa bado tumboni, anamwambia mama amzae. Mama wala hashtuki. Anajibu kwamba mtoto anayeweza kuongea tumboni anaweza pia kujizaa mwenyewe. Basi katoto kanatoka, kanajikata kitovu, kanajitambulisha: Kirikou. Muziki ni wa Youssou N'Dour, na sauti zilirekodiwa Dakar, kwa hiyo Kifaransa utakachosikia kina lafudhi ya Kiafrika, si ya Paris. Wanawake wa kijijini wako vifua wazi. Kuna waliotaka wavishwe nguo, Ocelot akagoma, na mwaka 1999 filamu ikatwaa tuzo kuu kwenye tamasha la katuni la Annecy.

Sasa twende kwenye yetu. Kijiji kizima kinamwogopa Karaba, mchawi mrembo kupindukia. Chemchemi imekauka, dhahabu ya akina mama imechukuliwa, na wanaume waliokwenda kupigana naye hawakurudi, inasemekana kawala. Wakubwa wanachowaza ni jinsi ya kumshinda. Kirikou peke yake ndiye anayeuliza swali jingine, na analirudia mpaka watu wanakereka: kwa nini Karaba ni mbaya?

Jibu analo babu yake, anayeishi ndani ya mlima uliokatazwa. Kumbe Karaba hali watu. Wanaume wale amewageuza vinyago vinavyomtumikia. Na mgongoni ana mwiba wenye sumu. Wanaume walimshika kwa nguvu, wakamchoma. Mtoto ataona mwiba, basi. Mtu mzima anaelewa kingine, na hapo chumba huwa kimya.

Mwiba unamuuma usiku na mchana, lakini hataki utolewe. Kwanza ndio unaompa nguvu zake. Pili, kuutoa kunauma sawasawa na siku ulipoingia. Mpenzi msomaji, hapo Ocelot ameeleza jambo ambalo wengi tunaliona kwa wenzi wetu na kuliita kiburi. Dada anayepekua simu ya mumewe kila usiku, kaka asiyetaka kabisa kusikia habari za ndoa: ukiuliza kwa upole, wakati mwingine utakuta mwiba uliochomwa na mtu mwingine, miaka mingi kabla yako. Simaanishi uvumilie kipigo eti mwenzio aliumizwa utotoni, hapana. Kirikou mwenyewe haendi kwa Karaba kizembe. Anatumia akili, anamtoa nje kwa hila, anauchomoa mwiba kwa meno. Hilo la hila mnaweza kubishana, maana mwenye mgongo hakuulizwa.

Akishapona, Kirikou anaomba amuoe. Nawe ungedhani ataitika kwa furaha, si ndiyo? Wapi! Karaba anakataa: hataki kuwa mtumishi wa mwanamume. Huyu ametoka kuponywa dakika moja iliyopita na bado ana msimamo wake, na filamu haimwadhibu kwa hilo. Inabidi Kirikou aahidi ndoa ya namna nyingine. Halafu linakuja busu, na katoto kanakuwa mwanaume mzima; kwangu mimi hapo mambo yamekwenda mbio mno, lakini ngano ndivyo zilivyo.

Kijijini hali si shwari. Wanakijiji wanataka damu ya Karaba, na kijana huyu mrefu hakuna anayemjua, isipokuwa mama yake. Halafu ngoma zinasikika kwa mbali. Msizime hapo, subirini muone ni nani wanaokuja.