Hesabu za koperative zisipotee: kutofautisha "copy" na "sync"



Kilo za kahawa mulizoleta, avansi mulizopokea, feza inayobakia: kwa koperative nyingi hesabu hizo ziko sasa ndani ya ordinatere moja ya biro. Siku umeme utaiunguza ao mwizi ataibeba, nani ataonyesha deni ya kila memba? Kila mutu atasema yake, na uaminifu utaisha.

Kuna programu ya bure inayoitwa rclone. Inatuma nakala ya folda yenu mpaka kwenye gala la intaneti, kama Google Drive, inayotoa gigabaiti 15 bila kulipa. Haina butoni za kufinya: unaandika amri, kisha unafinya Enter. Kiisha kutuma yote mara ya kwanza, inatuma tu faili mupya na zile zilizobadilika. Hivi haimalize mega bure.

Kwa kuanza, andika:

rclone config

Itauliza maswali. Utapatia gala jina (hapa tunaliita depo) na kuruhusu akonti yenu. Kazi hiyo ni ya mara moja tu. Kiisha, kila jioni:

rclone copy C:\Koperative depo:Koperative

Angalia mupango: folda ya kwanza ndiyo inatoa, ya pili ndiyo inapokea.

Hatari iko wapi?

"Copy" inaongeza na kufanya upya. Haifute faili hata moja kwenye depo. "Sync" inataka folda ya pili ifanane kabisa na ya kwanza. Kitu kisichokuwa kwa ya kwanza, inakifuta kwa ya pili. Ni kama karani anayeona ukurasa umepasuka kwa daftari la biro, naye anaenda kupasua ukurasa ule ule kwa daftari la gala.

Tuseme munanunua ordinatere mupya na folda yake ingali tupu. Karani anaandika "sync" kwa mazoea. Programu inaona folda tupu, basi inatupa yote yaliyokuwa kwenye depo. Kumbe alipashwa kugeuza njia:

rclone copy depo:Koperative C:\Koperative

Kwa Google Drive, faili zilizofutwa hivyo zinakaa siku 30 kwenye kapu la takataka. Kiisha hapo, zimepotea.

Desturi tatu za kushika

1. Kila siku tumia "copy".
2. Kama "sync" ni ya lazima, ongeza kwanza --dry-run mwishoni mwa amri. Itaonyesha itakayofanya bila kugusa kitu. Soma muzuri mbele ya kuendelea.
3. Hata "copy" inaweza kufunika faili nzuri kwa ile iliyoharibika. Ongeza --backup-dir depo:Zamani/12-05 na ubadilishe tarehe kila siku. Faili ya zamani itahamishwa pale.

Neno la siri la akonti lijulikane na watu wawili wa komite, si karani peke yake.

Kwa mukutano unaokuja, mumuulize karani: "Wakiiba ordinatere usiku huu, utarudisha hesabu zetu namna gani?" Asijibu kwa mudomo tu. Arudishe faili moja kutoka depo, aifungue mbele yenu, na kila memba atafute jina lake.