Mvue Mtoto Mchanga, Uitazame Ngozi Yake

Huko Kuresoi, kwenye miinuko ya Mau, baridi ya asubuhi haina mzaha. Mtoto akizaliwa Keringet au Olenguruone huvishwa sweta mbili, kofia ya sufu na soksi, kisha hufunikwa shali na blanketi. Nyanya zetu hawakukosea, kwa maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Shida ni kwamba ngozi yake huonekana wakati wa kuogeshwa tu, tena kwa haraka.

Mama mmoja wa huko alinijia na mtoto wa siku tatu. Kilichomtia wasiwasi ni vipele vyekundu vyenye ncha nyeupe kifuani, na doa la samawati makalioni ambalo jirani alidai ni alama ya kuangushwa. Vipele vya namna hiyo huwapata karibu nusu ya watoto waliotimiza miezi tumboni. Huhamahama mwilini, na huisha bila dawa baada ya wiki moja au mbili. Doa nalo ni rangi ya ngozi iliyobaki ndani zaidi; watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo, na hufifia kadiri miaka inavyopita. Vijipunje vyeupe puani na ngozi inayobambuka miguuni pia si ugonjwa. Usivitumbue, usisugue.

Lakini nilipomsogeza mtoto dirishani na kubonyeza ngozi ya kifua kwa kidole, paliacha rangi ya manjano. Macho yalikuwa hivyo, na nyayo pia. Mama hakuwa ameona. Chumba chao kina dirisha dogo na taa ya koroboi. Mtoto alisinzia mno na kunyonya kwa uvivu. Alipelekwa Nakuru siku hiyohiyo, akalazwa chini ya mwanga wa buluu, akapona.

Hii si homa ya manjano inayoletwa na mbu. Ni bilirubini, takataka ya chembe nyekundu za damu ambayo ini changa halijaweza kuiondoa. Zaidi ya nusu ya watoto huwa nayo kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na huisha. Ikionekana kabla ya saa 24 kwisha, ikifika viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea, usingoje kesho: ikizidi huingia ubongoni, na huweza kuacha uziwi na kupooza. Kumwanika mtoto juani si tiba. Isitoshe, ni asubuhi ngapi Kuresoi huwa na jua?

Mkimbize hospitali pia akiwa na vipele vya usaha, malengelenge, midomo ya buluu, au kitovu kilichovimba na kuwa moto pembeni. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu pekee. Huenda pakawa peusi zaidi au pa zambarau.

Wa mjini nao huiga mavazi ya Kuresoi mtoto akiwa Nakuru mchana wa Februari, na vipele vya joto hujaa shingoni. Nguo moja zaidi ya zile ulizovaa wewe inamtosha. Na kila siku, mchana, chumba kikiwa na joto, mvue karibu na dirisha kwa dakika moja.