Monita pana: pima meza na kazi yako kabla ya kuhesabu inchi

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi, iwe Muscat, Dubai, Doha au London, meza moja ya chumbani ina kazi mbili. Mchana ni ofisi: mahesabu, barua pepe, mikutano ya mtandaoni. Usiku inageuka baraza. Kijana anavaa hedifoni, anaingia kwenye gemu, na upande wa pili yuko binamu yake Unguja na mwengine Uingereza. Wazee wenzangu huona ni upuuzi mtupu, lakini hebu simama mlangoni usikilize. Nusu ya maneno yao si ya gemu. Ni bibi anaendeleaje, nani kaposwa, mvua imenyesha au bado.

Kwa hiyo kijana akisema anataka kuondoa monita yake ya zamani anunue ile pana, wenyewe wanaiita altrawaidi, tusiharakishe kusema anataka kuchezea pesa. Hicho ni chombo cha riziki na cha udugu pia. Lakini pesa zenyewe si kidogo, na nyumbani kuna ada ya skuli inasubiri. Basi inafaa mnunuzi, na mzazi anayeombwa kuongezea, ajue hasa kinachonunuliwa. Neno langu ni moja: hapa unanunua upana, hununui ukubwa. Anayeelewa tofauti hiyo hatadanganyika dukani.

Inchi hazisemi yote

Inchi za monita hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Ni ile pembetatu ya Pythagoras tuliyowasomesha darasani, nao wakauliza itawasaidia nini maishani. Leo inawasaidia.

Monita ya kawaida ina umbo la 16 kwa 9, kama televisheni. Ile pana ni 21 kwa 9, na ipo nyengine ndefu zaidi ya 32 kwa 9. Sasa chukua rula. Monita ya kawaida ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60 hivi na kimo cha sentimita 33 na nusu. Monita pana ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80, lakini kimo chake ni kile kile, sentimita 33. Hata ile ya inchi 49, yenye upana unaokaribia sentimita 120, kimo hakijazidi. Hiyo ni sawa na kuchukua monita mbili za inchi 27, ukazibandika pamoja na kuondoa ule mstari wa katikati.

Tena kuna la kushangaza. Monita ya kawaida ya inchi 32 ina eneo kubwa kuliko pana ya inchi 34. Piga hesabu mwenyewe: ile ya kwanza ni sentimita 71 kwa 40, ya pili ni 80 kwa 33. Anayehama kutoka 32 kwenda 34 akidhani anaongeza ukubwa, atafika nyumbani akute kioo kimekuwa kifupi. Akitaka kimo kile kile pamoja na upana, atafute pana ya inchi 40 hivi.

Hesabu ya nukta

Picha ya monita imejengwa kwa nukta ndogo ndogo, wataalamu wanaziita pikseli. Hapo ndipo wauzaji wanapopunguzia bei. Zipo pana za inchi 34 zenye nukta 2560 kwa 1080, na zipo zenye 3440 kwa 1440. Kwa mbali zinafanana. Ukikaa karibu na kusoma maandishi, ile ya kwanza herufi zake zina kingo za mikwaruzo, kwa sababu nukta chache zimetandazwa kwenye kioo kipana. Kwa mtu anayesoma jedwali la Excel saa nane kwa siku, kuokoa pesa hapo ni kuyatesa macho.

Lakini nukta nazo zina gharama yake. 3440 kwa 1440 ni karibu nukta milioni 5. Monita ya zamani ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2 na kidogo. Maana yake kadi ya picha iliyomo kwenye kompyuta inatakiwa ichore zaidi ya mara mbili ya ilivyozoea, na katika gemu inachora mara nyingi kila sekunde. Kadi iliyokuwa inakwenda mbio itaanza kuhema. Wengi hununua monita mwezi huu, na mwezi ujao wanarudi kuomba pesa za kadi. Mzazi auliza mapema: "Mwanangu, na kompyuta yenyewe itaiweza?"

Waya nao uangaliwe. Monita inaweza kuandikwa 144 Hz, yaani inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, lakini ikiunganishwa kwa HDMI ya zamani haitafika huko. Kwa kompyuta ya gemu, DisplayPort ndiyo njia ya salama. Baada ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya Windows uhakikishe namba imewekwa, maana mara nyingi hubaki 60 na mwenyewe hajui.

Kwenye kazi

Faida ya upana kazini ni ya kweli. Jedwali refu linaonekana bila kusukuma pembeni, na barua pepe inakaa wazi kando. Anayehariri video anaona mstari wake wote wa wakati. Windows 11 inakusaidia kugawa kioo sehemu tatu, na kwa Windows 10 ipo programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys inayofanya kazi hiyo.

Ila kwenye mkutano, usionyeshe kioo chako chote. Mwenzako mwenye laptopu ndogo ataona ukanda mwembamba wenye herufi za kusoma kwa darubini. Onyesha dirisha moja tu.

Kama laptopu ya kazi ni ya ofisi na kompyuta ya gemu ni yako, tafuta monita inayopokea zote mbili pamoja na kibodi moja na mausi moja, ukabonyeza kuhama. Hiyo inaondoa ile fujo ya kuchomoa nyaya kila jioni.

Kwenye gemu

Kwa gemu za magari, ndege na safari ndefu za kubuni, upana ni raha kweli. Lakini si kila gemu inaukubali. Elden Ring, iliyotoka 2022 na kupendwa sana, inaacha mistari miweusi kulia na kushoto. Na hili wazee walishike: PlayStation 5 na Xbox Series X hazitoi picha ya 21 kwa 9. Kijana anayecheza kwa PlayStation tu, monita pana kwake ni kulipia pembe mbili nyeusi. Mpira wa televisheni nao ni hivyo hivyo. Huyo anafaa monita ya kawaida nzuri, na chenji ibaki.

Macho na shingo

Kioo kipana kikiwa bapa, pembe zake ziko mbali na jicho kuliko katikati. Ndiyo maana nyingi zimepinda. Ukiona 1800R, maana yake mpindo huo ni wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1800. 1000R imepinda zaidi. Kwa mchoraji wa ramani za nyumba anayetaka mstari ulionyooka, mpindo mkali unasumbua.

Kaa umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kazi kuu iwekwe katikati, pembeni yakae yale ya kutupia jicho tu, la sivyo shingo itashitaki. Kila dakika 20, angalia kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na usikiweke kioo kikitazamana na dirisha. Jua la Ghuba hamlijui?

Zipo pia monita za OLED, weusi wake ni weusi kweli. Ila kitu kinachokaa pale pale siku nzima, kama mistari ya menyu ya Excel, kinaweza hatimaye kuacha alama ya kudumu. Kwa meza ya ofisi, IPS inatosha na haina wasiwasi huo.

Kabla hujalipa

Chukua boksi la katoni, likate sentimita 80 kwa 33, lisimamishe mezani siku mbili tatu. Utajua kama spika zina nafasi, kama meza ina kina cha kutosha, na kama shingo inakubali. Dukani, iwe Ruwi au Bur Dubai, omba iwashwe. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa. Uliza dhamana ni ya muuzaji au ya kiwanda, na risiti usiitupe.

Anayefikiria kuja kuipeleka nyumbani baadaye ajue umeme si tatizo: plagi ya pini tatu bapa ya Oman na Imarati ndiyo ya Zanzibar na Mombasa, na nguvu ya umeme ni ile ile. Tatizo ni boksi. Lihifadhi na mafoma yake yote, maana kioo cha upana huo hakisafiri kwa kufungwa kanga.

Na mwenye monita ya inchi 27 isiyo na kasoro, anayetaka nafasi tu ya kuweka barua pepe kando, atafute ya pili kama hiyo ya mkono wa pili. Mstari wa katikati atauzoea kwa wiki moja, na tofauti ya bei aipeleke panapohitajika.