Chonga herufi zako mwenyewe: jinsi soli ya kiatu ilivyookoa kitabu changu cha watoto

Somo la leo ni la wanaouza vitabu, lakini hata kama unauza sabuni, karanga au nguo za watoto, soma mpaka mwisho. Kuna kitu chako humu.

Mimi naandika hadithi fupi za watoto, nazichapisha mwenyewe na kuziuza kwa simu nikiwa nyumbani Mchikichini. Mteja anatuma oda, analipa, bodaboda anapeleka. Kitabu changu cha kwanza kiliitwa Mbuzi Kala Daftari. Kurasa 16, saizi A5, nakala 100. Kila nakala ilinigharimu 3,000, jumla laki tatu, na hiyo laki tatu ilikuwa mkopo wa kikoba. Naitaja hela mapema ili muelewe nilivyojisikia maboksi yalipofunguliwa.

Jina la kitabu nilikuwa nimeliandika kwa fonti nzuri niliyoipakua, ina vijani na mikunjo. Nikaweka faili la Word kwenye flashi, nikapeleka kwa mchapaji, nikasema chapa. Kumbe kompyuta yake haikuwa na ile fonti. Kompyuta ikikosa fonti haikuulizi, inaweka nyingine. Nakala zote 100 zikatoka na jina limeandikwa kwa herufi kama za barua ya kuitwa kikao cha wazazi. Na kosa lilikuwa langu. Sikutuma PDF, sikuomba nakala moja ya mfano.

Niliporudi nyumbani nikafungua tena pale nilipoipakua ile fonti. Safari hii nikasoma maelezo. Yameandikwa wazi: ya bure kwa matumizi binafsi tu. Kitabu cha kuuza si matumizi binafsi. Yaani hata ingetoka sawa, ningekuwa nauza kwa kutumia mali ya mtu bila ruhusa.

Ndipo nikaamua herufi za jina nitazitengeneza mwenyewe. Mtu hawezi kunidai, kompyuta ya mchapaji haiwezi kuzibadilisha, na mwenzangu hawezi kuwa nazo zilezile kwenye jalada lake. Twende hatua kwa hatua.

1. TAFUTA MALIGHAFI YA BEI NDOGO

Wengi huanza na kiazi. Kiazi ni kizuri kwa kujifunzia, ila kesho yake kimesinyaa na herufi imepinda. Nilichotaka ni kitu kinachokatika kwa kisu na kinachodumu. Nikaenda kwa fundi viatu mmoja karibu na soko la Karume.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kiatu kiko wapi?"

"Sina kiatu, naomba vipande vya soli unavyotupa."

Alicheka, lakini akanipa mfuko mzima. Soli laini nyepesi, ile ya sponji ngumu kama ya ndala, inafaa sana. Ndala iliyokatika kamba pia inafaa, mradi upande unaochonga uwe bapa na usiwe na michirizi. Vifaa vingine ni kisu kikali cha kukatia karatasi, penseli laini, karatasi nyepesi, gundi ya viatu na vipande vidogo vya mbao vya kushikia.

Fundi akanipa na mafunzo mawili ya bure. Kwanza, chovya kisu kwenye maji ya sabuni, kitateleza bila kung'ang'ania. Pili, kisu kiinamie nje ya herufi, ili chini ya herufi pawe papana kuliko juu. Ukikata kwa kuingia ndani, kingo zinabaki bila kitu cha kuzishika na ukibonyeza zinajikunja.

2. HESABU HERUFI KABLA YA KUCHONGA

Usichonge alfabeti nzima, chonga jina lako tu. MBUZI KALA DAFTARI ina herufi 16, lakini aina ni 12. Katika hizo 16, A peke yake ziko 4. Kiswahili chetu kimejaa A, kwa hiyo ukichonga A moja ukairudia kila mahali, jicho linaona mhuri uleule umegongwa. Mimi nilichonga A tatu zinazofanana lakini si pacha: moja ina nukta, moja ina kijani, moja nyeupe tupu. Jina likachangamka.

Kama jina lako lina ng' ya ng'ombe au ng'ambo, kumbuka kuchonga na kile kialama cha juu. Ukikiacha, unamfundisha mtoto kusoma vibaya.

3. MHURI HUGEUZA, JIHADHARI

Hapa ndipo wengi wanapotupa soli. Ukichonga herufi kama unavyoisoma, ikigongwa inatoka imegeuka kama kwenye kioo. F yangu ya kwanza iliangalia kushoto.

Habari njema ni kwamba si herufi zote zenye tatizo. Herufi kubwa za Kiswahili ni 24, maana Q na X hatuzitumii. Kabla hujaweka urembo ziko hivi:

A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y: hizi 10 kushoto na kulia ni sawa. Chonga tu.

B, C, D, E, K: hizi 5 juu na chini ni sawa. Ukisahau kugeuza, zungusha mhuri juu uwe chini, itatoka vizuri.

F, G, J, L, N, P, R, S, Z: hizi 9 hazina msamaha. Lazima zichongwe kinyume.

Njia rahisi ya kutokosea ni hii. Andika herufi kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, nene na wazi, urefu kama sentimita 4. Laza karatasi juu ya soli, upande wa penseli ukiangalia chini, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye soli ikiwa tayari imegeuzwa. Unachofanya wewe ni kufuata mstari.

4. UREMBO: ANGALIA KHANGA, USIIBE KHANGA

Nilipokwama kwenye urembo nilitembea maduka ya khanga Mtaa wa Uhuru. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina lake chini. Pindo linatulia na mji unatulia, ndiyo maana maneno yanaonekana. Nikajifunza kwamba urembo ukae mahali pake, usipigane na herufi. Nikatumia maumbo ya kawaida: nukta, mawimbi, majani, na lile umbo la korosho ambalo wote tunalijua. Usichukue mchoro wa khanga fulani ukaunakili kama ulivyo, maana nao una aliyeuchora.

Kisha nikampa jalada mwanangu wa darasa la kwanza asome. Akasoma vizuri mpaka neno la mwisho.

"Mama, daetari ndiyo daktari?"

Kumbe kijani nilichoweka chini ya F kimeifanya iwe E! Nikakikata chote. Kanuni ninayoifuata tangu siku hiyo: urembo ukae ndani ya unene wa herufi, usiongeze mkono wala mguu. Na kabla ya kuchapa, msomeshe mtoto asiyeijua hadithi. Mtu mzima atakisia, mtoto atakwambia anachokiona.

5. GONGA, PIGA PICHA, PANGA

Bandika herufi kwenye kipande cha mbao kwa gundi ya viatu, iache ishike. Chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa ili mhuri ulale vizuri. Tumia pedi ya mhuri ya ofisini, au rangi iliyopakwa kwa sponji ya kuoshea vyombo, kidogo kidogo. Rangi nyingi hujaza vishimo vyote vya urembo.

Tumia rangi nyeusi tu, hata kama jalada ni la rangi. Nyeusi kwenye nyeupe inasomwa vizuri na skana, rangi nyingine utaziweka baadaye kwenye simu au kompyuta. Gonga kila herufi mara 5 au 6 uchague iliyo bora. Vidoa vidogo viache, ndivyo vinavyoonyesha mkono.

Stationari nyingi wana skana, waombe nukta 600 kwa inchi. Ukitumia simu, kaa karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba na karatasi. Ondoa weupe wa nyuma kwa programu ya kuhariri picha, hifadhi kama PNG, kisha panga herufi upate jina. Herufi ya sentimita 4 ukiipunguza inazidi kuwa kali. Ukichonga ndogo halafu ukaikuza, inafifia.

Ukishapanga, punguza picha ya jalada mpaka iwe kama kucha ya kidole gumba. Hivyo ndivyo mteja anavyoiona mara ya kwanza kwenye katalogi yako. Kama jina halisomeki hapo, nenesha herufi.

6. NDANI YA KITABU, PUMZISHA MACHO YA MTOTO

Herufi za urembo ni za jalada, na labda herufi ya kwanza ya hadithi. Basi. Mtoto anayejifunza kusoma akikutana na maua kila mstari, anachoka.

Kwa maandishi ya ndani natumia fonti inayoitwa Andika. Ndiyo, jina ni la Kiswahili kabisa. Imetengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma, ndiyo maana a yake inafanana na ile mwalimu anayoandika ubaoni, na I kubwa, l ndogo na namba 1 hazichanganyani. Ni ya bure na leseni yake inaruhusu kuitumia kwenye kitabu cha kuuza. Kwa fonti nyingine yoyote, soma maneno ya ruhusa kwanza. Ukiona matumizi binafsi, iache.

7. KWA MCHAPAJI USIENDE MIKONO MITUPU

Peleka PDF, si Word. Jina la jalada liwe picha, na fonti za ndani ziwe zimefungwa ndani ya faili. Kurasa zigawanyike kwa 4 kama kitabu kinabanwa pini katikati: 16, 20, 24. Rangi ya jalada ivuke ukingo wa kukata kwa milimita 3, na maneno yakae mbali na ukingo walau milimita 5. Halafu lipia nakala moja ya mfano, ishike mkononi, isome yote. Nakala moja ya 3,000 ingeniokolea usingizi wa wiki nzima.

8. TUNZA USHAHIDI

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, kazi uliyoibuni inalindwa tangu unapoiumba. Usajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unakupa ushahidi siku mkibishana. Mimi naweka karatasi za kwanza nilizogonga, nimeandika tarehe, pamoja na soli zenyewe kwenye kopo la maziwa.

SASA ZILE NAKALA 100 ZILIISHIAJE?

Sikuzitupa. Nilipanga jina jipya kwenye kibandiko cha sentimita 14 kwa 7. Karatasi moja ya stika ya A4 ilitoa vibandiko 6, kwa hiyo karatasi 17 zilitosha vyote. Nikakata, nikabandika juu ya lile jina la barua ya kikao, kimoja kimoja, siku mbili mezani na mwanangu akinisaidia kusugua mapovu ya hewa. Nikapiga picha upya. Wateja wakaanza kuuliza nani kanichorea jalada.

Iliniuzia miezi minne kuzimaliza. Kikoba nilirudisha, mara mbili nikichelewa na faini nikalipa. Faida ya toleo lile ilikuwa ndogo sana. Lakini toleo la pili lilianza na herufi zangu, na sasa herufi hizohizo ziko kwenye stika ya mfuko, kwenye kadi ya asante na kwenye picha ya ukurasa wangu.

Ndiyo maana nimesema hata muuza sabuni asome. Jina la biashara yako lina herufi ngapi? Sita, nane? Ni jioni mbili za kazi na ndala iliyokatika kamba. Anza na A. Haina kinyume, na kwa Kiswahili hutakosa pa kuitumia.

Ukitengeneza, tuonyeshe. Na kama una mwenzako anayeandika hadithi za watoto, mtumie hii kabla hajaenda kwa mchapaji.