Jengo la Kale Linapogeuzwa Ukumbi

Utalii wa mikutano ni tawi la utalii linalohusu wageni wanaosafiri kwa ajili ya makongamano, maonyesho na vikao vya kampuni, na ndani yake zimo safari za motisha, yaani safari ambazo mwajiri huwalipia wafanyakazi au mawakala waliofikia malengo ya kazi, ziwe zawadi yao badala ya fedha taslimu. Afrika Mashariki ina majengo yanayotumika mahususi kwa shughuli hizo, kama vile KICC ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1973, na AICC ya Arusha. Lakini ukumbi wa kisasa, hata ukiwa na vifaa vyote, milango yake ikishafungwa haumwelezi mgeni yuko nchi gani. Upungufu huo ndio unaowafanya waandaaji wageukie ngome, makumbusho na nyumba za kale, ambako mahali penyewe huwa sehemu ya ujumbe.

Mifano miwili ya pwani inaonyesha mvuto wa maeneo hayo. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikatekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, ikatumiwa kama gereza wakati wa ukoloni wa Waingereza, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ina uwanja wa wazi wenye ngazi za kukalia watazamaji, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limethibitisha kwamba uwanja huo unamudu umati mkubwa bila kupoteza haiba yake.

Hata hivyo, si kila jengo la kale linafaa kila shughuli, na sababu yake mara nyingi imo katika ujenzi wenyewe. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, huku dari zake nzito zikibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Na kwa kuwa boriti haistahimili uzito huo ikizidi urefu wa takribani mita tatu, vyumba vingi vilitoka virefu na vyembamba. Mwandaaji anayetaka kuwapanga watu mia mbili mbele ya jukwaa atavunjika moyo humo, ilhali wakurugenzi kumi na wawili wanaoketi kwa kufuata kuta, kama wafanyavyo wazee barazani, watazungumza wakitazamana uso kwa uso. Umati mkubwa zaidi hutafutiwa ua wa ndani au uwanja wa ngome.

Uzee wa jengo nao unadai tahadhari. Beit al-Ajaib, kasri la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, lilibomoka sehemu yake Desemba 2020 wakati likifanyiwa ukarabati, jambo linaloonyesha kwamba jengo lililosimama zaidi ya karne haliwezi kuongezewa mzigo kwa kukisia tu. Kwa hiyo idadi ya watu inayoruhusiwa ghorofani, mahali pa kuweka jenereta na namna ya kutundika taa bila kupigilia misumari ukutani ni mambo ya kukubaliana mapema na wasimamizi wa urithi, kama vile Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa Fort Jesus. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi lori, hivyo viti na maspika hufikishwa kwa mikokoteni, na muda wa kazi hiyo lazima uingizwe katika ratiba.

Zaidi ya kuta kuna watu na kumbukumbu. Uwanja usio na paa haufai wakati wa masika, na katika miji yenye misikiti kila mtaa, ngoma hunyamazishwa adhana inaposikika, na mwezi wa Ramadhani huepukwa kwa karamu za mchana. Aidha, Mkunazini mjini Unguja, penye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ni mahali pa kutembelewa kwa staha, wala si pa kupigia muziki wa dansi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Na mwenyeji hapa ni pamoja na mpishi wa biriani, kikundi cha taarabu, hamali wa mkokoteni na jirani anayelala nyuma ya ukuta. Kwa sababu hiyo, mwandaaji makini huuliza kwanza jengo linaweza kubeba nini na majirani wanaridhia nini, ndipo aulize litapambwa vipi. Na asiyekuwa tayari kufuata majibu ya maswali hayo mawili ni heri akodi ukumbi wa hoteli.