Saba Saba: Tarehe Moja, Siku Tatu

Kwenye kalenda za ukutani zinazotundikwa madukani Maramba, mkoani Tanga, tarehe 7 Julai huandikwa kwa wino mwekundu. Ni sikukuu: shule na ofisi za serikali hufungwa. Ukivuka mpaka wa Horohoro ukaingia Lunga Lunga, Kenya, tarehe hiyohiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Hata hivyo, jina lake linajulikana pande zote mbili. Mtanzania akisikia Saba Saba hukumbuka TANU na maonesho ya biashara. Mkenya hukumbuka Kamukunji na mabomu ya machozi. Kwa Mdigo mwenye shamba Mkinga na shangazi Kwale, hayo yote ni mambo ya nyumbani.

Tangu 2022 tarehe hiyo imebeba jambo la tatu: ni Siku ya Kiswahili Duniani. Nalo halikuangukia hapo kwa bahati.

Chimbuko la Saba Saba ni Jumatano, 7 Julai 1954, jijini Dar es Salaam. Siku hiyo chama cha Tanganyika African Association, TAA, kilichoasisiwa mwaka 1929, kilijigeuza kuwa Tanganyika African National Union. TAA kilikuwa kimefanya kazi kama chama cha ustawi wa Waafrika. TANU kilizaliwa kikiwa chama cha siasa, kikitaka nchi ijitawale. Waasisi wanaohesabiwa ni 17. Miongoni mwao walikuwamo John Rupia, Dossa Aziz, ndugu wawili Abdulwahid na Ally Sykes, mshairi Saadani Abdu Kandoro, Patrick Kunambi, na Japhet Kirilo wa Meru, aliyekuwa ameshafika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulalamikia ardhi ya Wameru iliyochukuliwa na serikali ya kikoloni.

Rais wa chama alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa sekondari ya Pugu mwenye umri wa miaka 32. Kazi ya siasa ilipozidi, alitakiwa achague moja. Machi 1955 aliacha kufundisha. Miaka sita baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilikuwa huru.

Chama kile kiliwafikia watu kwa lugha waliyoijua, Kiswahili. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikuhitaji mkalimani kila mkutano ulipohama kutoka pwani kwenda bara. Mwanachama wa Tanga na mwenzake wa Tabora walisikiliza hotuba ileile, wakaimba nyimbo zilezile.

Baada ya uhuru, Saba Saba ikawa sikukuu ya taifa na kwa miaka mingi ikajulikana pia kama Siku ya Wakulima. Tarehe 5 Februari 1977 TANU iliungana na Afro-Shirazi Party ya Zanzibar kuunda CCM, na jina la TANU likabaki katika historia. Sikukuu haikufa na chama. Wakulima walihamishiwa Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikaachiwa wafanyabiashara. Leo kilele chake ni Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Maonesho ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Kwa vijana wengi, kwenda Saba Saba maana yake ni kupanda daladala kwenda kuangalia mabanda. Habari ya 1954 huisoma darasani.

Maramba yenyewe ina uhusiano mwingine na siku hizi za Julai. Mji huu una kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kutokana na wazo lililotoka kwa Umoja wa Vijana wa TANU. Kwa hiyo, siku tatu tu baada ya Saba Saba, kuna kumbukumbu nyingine yenye mizizi katika chama kilekile.

Upande wa pili wa mpaka, mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria, KANU, chini ya Rais Daniel arap Moi. Wanasiasa wawili waliowahi kuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Serikali ilikataa kutoa kibali. Siku tatu kabla ya mkutano, wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Jumamosi ya tarehe 7 Julai watu walijitokeza hata hivyo. Polisi waliwatawanya, ghasia zikasambaa hadi miji mingine, na watu wasiopungua 20 wakauawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichokuwa kikizuia vyama vingine, kiliondolewa. Tanzania nayo ilirudi kwenye vyama vingi mwaka 1992. Wakenya hawajaisahau siku ile: Julai 2025, ilipotimia miaka 35, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, na maandamano yakaleta vifo tena.

Tarehe yoyote ile hukusanya mambo yasiyohusiana. Tarehe 7 Julai ndiyo aliyozaliwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, mwaka 1940, na aliyekuwa nahodha wa kriketi wa India, MS Dhoni, mwaka 1981. Mwaka 1974 Ujerumani Magharibi iliifunga Uholanzi 2-1 mjini Munich na kutwaa Kombe la Dunia. Mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Mwaka 2005 mabomu yaliua abiria 52 katika treni na basi jijini London. Hayo yamegongana kwenye kalenda, basi.

Siku ya Kiswahili haimo katika fungu hilo. Tarehe 23 Novemba 2021, mkutano mkuu wa UNESCO mjini Paris uliitangaza 7 Julai kuwa siku yake, kwa kukumbuka jinsi TANU ilivyokifanya Kiswahili chombo cha umoja katika kudai uhuru. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa siku kama hiyo kabla. Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua.

Watu wa Tanga wana haki ya kuidai sehemu yao katika sherehe hiyo. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, wamisionari wa Magila, Muheza, walichapa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi. Wakati wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilitoka katika shule ya serikali mjini Tanga. Na TANU ilipozaliwa, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alikuwa karani wa ofisi ya upimaji ardhi palepale Tanga. Kusadikika, hadithi yake ya nchi inayowafunga wanaoipa ushauri, ilikuwa imeshatoka miaka mitatu kabla.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa ameshavuka 80. Ndiye aliyemwona baba akirudi na kadi ya TANU, au aliyesikia majina ya waliokuwa wakiziuza vijijini, na majina hayo mengi hayamo kitabuni. Walimu wa Mkinga, Muheza na Pangani wanaweza kuitumia Saba Saba ijayo kuwatuma wanafunzi, kila mmoja na daftari lake, wakawaulize mabibi na mababu zao na kuandika majibu kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji bajeti, ila haiwezi kungoja miaka kumi zaidi.