Macho Makavu: Utachagua Matone Gani?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Swali la leo ni hili: jicho likiwasha na kukwaruza kama lina mchanga, ninunue matone gani kwa kemisti, ya bei nafuu au ya bei ghali?

Tuanze na chanzo. Jicho limefunikwa na utando mwembamba wa machozi. Upepo wa huku Turkana, vumbi na moshi wa kuni huukausha upesi. Umri nao huchangia, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi.

Dawa za kulainisha jicho huitwa machozi ya bandia. Ziko aina tatu.

Kwanza, matone mepesi, kama haipromelozi. Hayatii ukungu sana, ila hukauka haraka, kwa hiyo utayatia mara kadhaa kwa siku.

Pili, jeli. Ni nzito na hukaa zaidi, lakini utaona ukungu kwa muda. Usiendeshe bodaboda mpaka uone sawasawa.

Tatu, marhamu ya parafini. Hukaa muda mrefu zaidi na ukungu wake ni mwingi. Paka usiku ukienda kulala.

Ipi bora? Mwaka 2016 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 43 ya matone haya. Hawakupata ushahidi wa wazi kwamba aina moja inazishinda nyingine. Basi usiikope familia chakula kwa sababu ya chupa ya bei ghali. Anza na ya bei nafuu.

Angalia kihifadhi pia. Ukitia matone zaidi ya mara nne kwa siku, kila siku, kihifadhi chenyewe kinaweza kuliudhi jicho. Uliza yasiyo nacho. Chupa nyingi zenye kihifadhi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, fuata lebo. Wala usichangie chupa na jirani.

(Kibwagizo kifupi)

MTANGAZAJI: Hapa sikilizeni kwa makini. Si kila chupa ya macho ni ya kulainisha. Ukiona kwenye lebo neno linaloanza na D-E-X-A au P-R-E-D, hiyo ni steroidi. Wekundu hutulia upesi, ndiyo maana watu huazimana. Lakini ikitumiwa bila daktari inaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho, na uwezo wa kuona uliopotea kwa presha haurudi.

Nenda kliniki, usiende kwa kemisti, ukiwa na maumivu makali, usaha, kuona kunakopungua, au kope zilizogeuka ndani zikikwaruza jicho. Hizo huweza kuwa trakoma. Na mama, ukiona mtoto anajikwaa giza likiingia, huenda amepungukiwa vitamini A. Matone hayatamponya. Mpeleke siku hiyohiyo.

Namna ya kutia: nawa mikono kwa sabuni, vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha kugusa jicho, kisha fumba kwa dakika moja. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika tano kati yake, na marhamu iwe ya mwisho.

Tunzeni macho.

(Muziki wa kufungia)